Kitabu Kilichokaa Barazani

Kitabu kilikaa barazani kwangu siku 9. Kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, juu ya stuli, mahali ambapo jua la asubuhi hufika na mvua haifiki. Kila nilipotoka kwenda kazini nilikipita, na kila niliporudi nilikipita. Nilijiambia kuwa ninakipa hewa. Mimi ni muuguzi mwenye miaka 19 kazini. Nimewafundisha wanafunzi wa uuguzi namna kifua kikuu kinavyoambukiza na namna kisivyoambukiza, na bado nilikuwa ninakipa hewa kitabu kilichotoka mikononi mwa rafiki yangu.

Habari hii ninaiandika kwa ridhaa yake. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ameniomba hivyo. Ameniruhusu kusimulia yote mengine, hata yale yanayonitia aibu, akisema kwamba hayo ndiyo yatakayomfaa msomaji.

Kitabu hakirudi kitupu

Tulianza kuazimana vitabu tukiwa kidato cha pili, mjini Tanga. Yeye ndiye aliyetangulia. Alinipa Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, riwaya ya upelelezi iliyochapishwa mwaka 1960, akaniambia nisiulize chochote mpaka nimjue Bwana Msa ni nani. Nilikisoma usiku kucha kwa mwanga wa kibatari, na asubuhi nilimrudishia kitabu pamoja na kijikaratasi nilichoandika mambo matatu: kilichonifurahisha, kilichoniudhi, na kitabu ambacho yeye sasa alipaswa kukisoma. Tangu siku hiyo ikawa sheria yetu. Kitabu hakirudi kitupu.

Miaka ikapita. Yeye akawa mwalimu wa shule ya msingi, mimi nikaingia chuo cha uuguzi, lakini vijikaratasi havikukoma. Ni yeye aliyeniambia nisome Siku Njema cha Ken Walibora, kwa sababu kijana Kongowea anaanza maisha yake Tanga kwetu kabla ya kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Ni mimi niliyempelekea Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, baada ya mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Hatukukubaliana daima. Yeye hupenda kitabu kinachomfanya alie. Mimi hupenda kinachonifanya nibishane. Lakini kila mmoja wetu alijua ladha ya mwenzake kama mpishi anavyoijua chumvi ya nyumba yake.

Kwa kuwa ni mwalimu, hana subira na kitabu kinachochakaa. Kila kitabu kinachoingia mikononi mwake, kiwe chake au cha kuazima, hukivalisha jalada la karatasi nyekundu inayong'aa. Naomba msomaji akumbuke rangi hiyo.

Miezi 6

Alianza kukohoa wakati wa mitihani ya muhula. Alidhani ni vumbi la chaki. Kikohozi kilipopita wiki mbili, jasho la usiku likaongezeka na gauni likaanza kumpwaya, nikamshurutisha aende kupima makohozi. Majibu yalikuja: kifua kikuu cha mapafu, cha aina isiyo sugu kwa dawa.

Tiba ya kawaida ya ugonjwa huo huchukua miezi 6. Katika miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Katika miezi 4 inayofuata hubaki dawa mbili, rifampisini na isoniazidi. Hapa Tanzania dawa hizo hutolewa bila malipo. Ugumu mkubwa kwa wengi ni kuendelea kuzimeza kila siku, hata baada ya kikohozi kukoma na mwili kurejea, wakati moyo unaposema kwamba sasa imetosha.

Siku alipoanza dawa nilimpelekea nakala yangu ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Niliona inamfaa. Yasmini, binti mdogo anayeozwa kwa mume mzee, anavunja mlango wa maisha aliyopangiwa na kutoka. Nilitaka rafiki yangu awe na mtu kama huyo wa kumfuata katika siku za kukaa ndani. Tukakubaliana kwamba asubuhi atameza dawa, na jioni atasoma sura moja. Kila siku nilimpigia simu na kumwuliza, “Umemeza?” Naye akajibu, “Nimemeza, na Yasmini naye hajambo.”

Wiki ya saba, binti yake alikuja kwangu jioni na bahasha ya kaki. Alinyosha mikono kunipa. Nami, badala ya kunyosha yangu, nilimwambia, “Asante mwanangu, kiweke tu hapo juu ya stuli.”

Hofu ya zamani

Nimejiuliza mara nyingi hofu ile ilitoka wapi, maana haikutoka darasani. Baadaye nilisoma na kukuta kwamba ina historia ndefu, na kwamba hata watu wenye elimu waliwahi kuiabudu.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Lakini watu walipojua kuwa kuna kijidudu, kabla ya kujua vyema njia zake, walikitafuta kila mahali, hata katika kurasa za vitabu. Mwaka 1895 huko Omaha, Marekani, mkutubi aitwaye Jessie Allan alifariki kwa kifua kikuu, na kifo chake kikachochea mjadala kama vitabu vya maktaba ndivyo vilivyomwambukiza. Katika zama hizo maktaba za Marekani na Uingereza zilifukiza vitabu kwa mvuke na kemikali. Vingine vikachomwa moto. Sheria ya afya ya jamii ya Uingereza ya mwaka 1907 ilimkataza mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza kuazima kitabu cha maktaba, na ikaweka adhabu kwa atakayekaidi. Hofu hiyo ilififia polepole, kwa kuwa wakutubi wenyewe, walioshika vitabu hivyo kutwa nzima, hawakuonekana kuugua kuliko watu wengine.

Leo njia za ugonjwa huu zinajulikana. Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu ambaye hajatibiwa anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au hata kuzungumza, hutoa chembechembe ndogo mno zinazoelea hewani. Mtu mwingine akizivuta hadi ndani ya mapafu, anaweza kuambukizwa, hasa katika chumba kisichopitisha hewa na kwa watu wanaokaa pamoja muda mrefu. Kijidudu kilichoanguka juu ya meza, sahani au karatasi hakiinuki tena kuingia mapafuni mwa mtu. Kwa hiyo kifua kikuu hakiambukizwi kwa kupeana mikono, kutumia kikombe kimoja, kulalia shuka, wala kushika kitabu. Tena, mgonjwa akianza dawa zinazofaa na kuzimeza sawasawa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka upesi, kwa kawaida ndani ya wiki chache za mwanzo.

Rafiki yangu alikuwa na wiki 7 za dawa. Kitabu chake kingekuwa salama hata siku ya kwanza.

Mawazo yangu yalirudi pia karibu na kwetu. Katika mwambao wetu, yapata mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake akiwa mgonjwa, kumwusia binti yake. Utenzi huo ulinakiliwa kwa mkono, ukapita nyumba hadi nyumba na mama hadi binti, hata ukatufikia sisi. Maneno ya mwanamke aliyekuwa kitandani yalipokelewa kwa mikono miwili. Mimi ya mwenzangu niliyaacha nje.

Kijikaratasi

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nikifagia baraza, stuli ikapinduka, bahasha ikaanguka na kitabu kikateleza nje. Nilikiokota bila kufikiri. Kikiwa mkononi mwangu ndipo nilipoona aibu, kwa sababu niligundua kuwa mkono ulikuwa umefanya kwa kawaida jambo ambalo kichwa kililikataa kwa siku 9. Nikaketi na kufungua kijikaratasi chake.

“Mwenzangu,” aliandika, “huyu Yasmini ameninyima usingizi. Nimelia, na leso yangu nyeupe imeingia rangi ya chungwa. Sista wa kliniki alikwisha kuniambia kuwa ni dawa, kwa hiyo sikushtuka. Kurasa za mwisho sikuzimaliza. Herufi zinafifia katikati ya mstari kama zimemwagikiwa maji, na jalada hili jekundu tangu juzi naliona kama udongo. Nadhani umri umefika. Walimu wote wa rika letu wana miwani. Wewe uliyekisoma, nieleze mwisho wake.”

Nililisoma lile la leso nikatabasamu, maana rifampisini hugeuza rangi ya mkojo, jasho na machozi kuwa ya chungwa au wekundu, na jambo hilo halina madhara. Nikalisoma la jalada jekundu, ufagio ukaniponyoka.

Ethambutoli, mojawapo ya zile dawa nne, inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa macho. Madhara hayo si ya kawaida kwa vipimo vinavyotumika, lakini yakitokea huja kwa ishara mbili hasa: macho kufifia katikati ya mahali mtu anapotazama, na kushindwa kutofautisha rangi, hususan nyekundu na kijani. Dawa hiyo ikisimamishwa mapema, macho mara nyingi hurejea. Ikiendelea, uoni unaweza kupotea usirudi. Rafiki yangu alikuwa ameniandikia ishara zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Nami niliziacha barazani siku 9, naye siku hizo zote akimeza.

Nilikwenda kwake kwa bodaboda nikiwa bado nimejifunga kanga ya kufagilia. Nilimshikia kitabu mbele ya macho na kumwuliza rangi yake. Alisema, “Si nyekundu hii? Najua ni nyekundu kwa sababu nimeifunga mwenyewe.” Nikamwuliza anaionaje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kama ugoro.”

Siku hiyo hiyo tulikuwa hospitalini. Daktari alimpima kwa ubao wa herufi na kwa kurasa za rangi, akaiondoa ethambutoli na kumpangia dawa kwa namna nyingine. Nataka hapa nieleweke vizuri. Mgonjwa hapaswi kuziacha dawa zote kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa kuzikatiza ovyo kunaweza kuuzalisha ugonjwa sugu. Pia, kwa sababu dawa nne zimo katika kidonge kimoja, hawezi kuchagua ipi aiache. Anachopaswa kufanya ni kwenda kituoni siku ile ile anapoona mabadiliko ya macho, bila kungoja tarehe ya kliniki.

Macho yake yalirudi polepole, kwa zaidi ya miezi miwili. Katika muda huo kila nilipotoka zamu ya asubuhi nilipita kwake, tukaketi uwanjani chini ya mwembe, nami nikamsomea kwa sauti zile kurasa ambazo hakuzimaliza. Tulipozimaliza tukaanza kitabu kingine.

Ni katika jioni mojawapo nilipomwambia kuhusu siku 9. Nilidhani ninamfichulia siri. “Nilijua,” alisema. “Mtoto aliporudi nilimwuliza, ‘Mama mdogo amesemaje?’ Akasema, ‘Amesema nikiweke nje.’ Nilielewa.” Nikamwuliza mbona hakunikasirikia. Akajibu, “Sikuwa na nguvu za hasira. Nilingoja tu uniambie neno lolote kuhusu kitabu. Kila siku uliniuliza kama nimemeza. Kuhusu kitabu hukuuliza tena. Nikasema basi, vitabu vyetu vimekwisha.”

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jioni ile methali hiyo niliisikia ikinihukumu.

Kumpendekezea mgonjwa kitabu

Tangu wakati huo nimeanza kuwauliza wagonjwa wangu, na wenzangu kazini, wanasoma nini. Wazo kwamba kitabu kinaweza kusaidia matibabu si geni. Mwaka 1916 Samuel McChord Crothers, mwandishi wa Marekani, alilipa jina la tiba ya vitabu katika makala aliyoiandika kwa mzaha nusu na kweli nusu. Huko Uingereza, tangu mwaka 2013, upo mpango unaowawezesha wahudumu wa afya kuwaelekeza watu wenye sonona au wasiwasi kwenye vitabu vya kujisaidia vilivyochaguliwa na wataalamu, na vitabu hivyo huazimwa katika maktaba za umma. Kitabu hakichukui nafasi ya dawa wala ya mshauri. Lakini mtu anayetakiwa kumeza dawa siku 180 anahitaji sababu ya kuingoja kesho, na sura inayofuata ni sababu mojawapo.

Nimejifunza, hata hivyo, kwamba kupendekeza kitabu kunafanana na kuandika dawa: historia ya mgonjwa hutangulia. Haya ndiyo ninayouliza sasa.

Kwanza, je, anataka kitabu kinachozungumza juu ya ugonjwa wake, au kitakachompeleka mbali nao? Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI anaweza kufarijika kwa Ua la Faraja cha William Mkufya, riwaya inayoutazama ugonjwa huo kwa upole; mwingine katika hali hiyo hiyo hataki hata kuliona neno hilo kwenye jalada. Wote wawili wana haki.

Pili, moyo wake ukoje? Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi ni kitabu ninachokiheshimu sana, na kila kijana na mzazi angefaidika nacho. Lakini kinaelekea kwenye kujiua kwa mhusika mkuu. Simpi mtu aliyezama katika huzuni bila kumwambia yaliyomo na bila kuwa tayari kurudi kuzungumza naye. Mgonjwa akiniambia anatamani kufa, hapo siongei tena habari ya vitabu. Ninatafuta msaada wa kitaalamu mara moja.

Tatu, mwili wake unaweza nini? Anayesafishwa damu kwa mashine hukaa yapata saa 4, mara 3 kwa wiki, na mkono wenye sindano haupaswi kutikisika. Kitabu kinene kitamchosha, kijitabu chepesi cha kushikwa kwa mkono mmoja kitamfaa. Mwenye macho dhaifu au asiyejua kusoma asomewe. Kusomewa si jambo la watoto peke yao.

Nne, kitabu chenyewe kinapitaje mkono hadi mkono? Kifua kikuu hakimo katika karatasi, na hilo tulitangaze bila kuchoka. Lakini yapo magonjwa mengine, kama vile kipindupindu, ambayo husafiri kwa mikono na vitu vilivyochafuliwa. Katika wodi za namna hiyo tufuate maelekezo ya udhibiti wa maambukizi, na mahali popote tunawe mikono.

Na kwa anayesoma akiwa katika dawa za kifua kikuu, ninaongeza neno moja. Ukurasa ni kipimo cha macho ulichonacho nyumbani. Usome kila siku katika mwanga ule ule, na uangalie kitu chekundu unachokifahamu. Herufi zikififia au rangi ikibadilika, usiseme ni umri, nenda kituoni. Vivyo hivyo macho yakiwa ya manjano, kutapika kusikokoma, au ganzi ya vidole na nyayo.

Rafiki yangu alimaliza miezi yake 6 na makohozi yake hayakuonyesha ugonjwa. Amerudi darasani. Miwani amenunua kweli, kwa kuwa lile la umri nalo halikuwa uongo, na ananicheka kwamba mimi ndiye niliyezeeka nikaanza kuogopa karatasi.

Wiki iliyopita binti yake alikuja tena na bahasha ya kaki. Nilimwona tangu mlangoni. Nilitoka, nikaipokea kwa mikono miwili, nikamkaribisha ndani, nikaifungua mbele yake ili akirudi nyumbani aweze kusimulia. Ndani mlikuwa na kitabu chenye jalada jekundu na kijikaratasi chenye mstari mmoja: “Hiki utabishana nacho. Nijibu kabla ya Ijumaa.”

Nilimjibu Alhamisi.